Neno Moja Katika Mkataba: Habari za Uhuru wa Uhabeshi

 Katika mazungumzo yetu ya leo twataka kuwasimulia habari za nchi ya Ethiopia, ambayo wazee wetu wa pwani waliizoea kwa jina la Uhabeshi, na jinsi ilivyoushika uhuru wake katika siku zile ambapo karibu Afrika nzima iligawanywa na mataifa ya Ulaya kama nyama ya mnyama aliyewindwa. Habari yenyewe ni ndefu, nasi hatuwezi kuieleza yote. Tutapita upesi katika mambo ya kale, kisha tutakaa zaidi katika jambo moja ambalo twaona lamfaa sana kila mtu ajuaye kusoma: habari ya neno lililoandikwa katika mkataba kwa lugha mbili, likaleta vita.

Uhabeshi ni nchi ya milima mirefu. Aendaye huko kutoka bahari ya Sham hupita kwanza jangwa lenye joto kali, kisha hupanda siku nyingi mpaka afike penye baridi, mahali watu walimapo ngano na shayiri kwa jembe la kukokotwa na ng'ombe. Kwa ajili ya milima hiyo adui wengi walichoka kabla hawajafika. Huko ndiko ulikokuwa mji wa Aksum, ambao wafalme wake walipiga sarafu zao wenyewe tangu zamani sana, na mmoja wao, Mfalme Ezana, akaingia dini ya Kikristo katika karne ya nne. Wenzetu Waislamu nao wanajua habari ya Najashi, mfalme wa Uhabeshi aliyewapokea wafuasi wa Mtume Muhammad walipokimbia mateso ya Makka, yapata mwaka wa 615. Watu wa nchi hiyo wana maandishi yao wenyewe, nayo hutumika hata leo. Hapo Lalibela wako watu waliochonga makanisa kumi na moja katika mwamba, si kwa kujenga jiwe juu ya jiwe, bali kwa kuchimba mwamba mzima mpaka likabaki kanisa.

Basi tuyaache hayo, twende moja kwa moja hata karne ya kumi na tisa. Nchi ilikuwa imegawanyika, kila mkuu akijitawala katika jimbo lake. Mwaka wa 1855 alitokea mtu hodari jina lake Tewodros, akawapiga wakuu hao mmoja mmoja, akajifanya Mfalme wa Wafalme. Lakini aligombana na Waingereza akawafunga wajumbe wao, nao wakamletea jeshi mwaka wa 1868. Alipoona ngome yake ya Magdala imekwisha kutekwa, alijiua mwenyewe. Waingereza hawakukaa, walirudi kwao, wakichukua vitabu na taji na vitu vingi vya kanisa, na madai juu ya vitu hivyo yakaendelea hata miaka yetu hii. Baada yake alitawala Yohannes wa Nne, naye akafa vitani mwezi wa Machi, 1889, akipigana na Madarweshi wa Sudani huko Metemma. Hapo ndipo aliposimama Menelik, mfalme wa Shoa.

Wakati ule Wataliani walikuwa wamekwisha kushuka pwani. Tangu mwaka wa 1885 walikuwa na bandari ya Massawa, nao walitaka kupanda milimani. Katika mwaka wa 1887 uliingia kwa njia ya bandari hiyo ugonjwa wa sotoka, ulioletwa na ng'ombe waliotoka nje. Wafugaji wanaotusikia hawahitaji kuambiwa sotoka ni nini. Ng'ombe wa Uhabeshi walikufa karibu wote, na kwa kuwa huko ng'ombe ndiye avutaye jembe, mashamba hayakulimwa, ikawa njaa kubwa iliyodumu kutoka mwaka wa 1888 mpaka 1892. Watu wengi mno walikufa; wako wakadiriao kwamba ilikuwa theluthi ya watu wote. Yasemwa kwamba Menelik mwenyewe alishika jembe la mkono akalima mbele ya watu, ili wakuu wasione haya kufanya kazi hiyo. Na sotoka hiyo hiyo haikuishia huko. Ilishuka kusini, na kufika mwaka wa 1891 ilikuwa imewamaliza ng'ombe wa Wamasai, ikaendelea mpaka Afrika ya Kusini. Kwa hiyo msiba wa Uhabeshi na msiba wa babu zetu wa nchi za nyika ulikuwa msiba mmoja.

Katika shida hiyo ndipo mkataba ulipofanywa. Tarehe 2 Mei, 1889, mahali paitwapo Wuchale, Menelik alitia muhuri katika mapatano ya urafiki na mjumbe wa Italia, Pietro Antonelli. Kila upande ulikuwa na haja yake. Menelik alitaka bunduki na kukubaliwa kuwa mfalme, nao Wataliani walitaka ardhi ya kaskazini, ambayo baadaye waliiita Eritrea. Mapatano yaliandikwa kwa Kiamhara na kwa Kitaliani, na pande zote mbili zilisema kwamba maandiko hayo mawili ni sawasawa.

Hayakuwa sawasawa. Katika sharti la kumi na saba, maandiko ya Kiamhara yalisema kwamba Mfalme wa Uhabeshi, akiwa na neno la kusema na wafalme wengine wa Ulaya, aweza kutumia msaada wa Serikali ya Italia. Maandiko ya Kitaliani yalisema kwamba Mfalme amekubali kuitumia Serikali ya Italia katika mambo yake yote na wafalme wengine. Tazameni tofauti. Jirani yako akikuambia, "Waweza kupita shambani kwangu uendapo sokoni," humshukuru, na siku utakayo hupita njia nyingine. Lakini akionyesha karatasi ya kwamba umekubali kupita shambani kwake kila uendapo sokoni, basi huna tena ruhusa ya kwenda sokoni isipokuwa kwa kupita mlangoni pake, naye aweza kufunga mlango. Hivyo ndivyo Uhabeshi ilivyofanywa kuwa nchi ya himaya bila ya kujua. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule, Serikali ya Italia iliyapelekea mataifa ya Ulaya habari za sharti hilo, nayo mataifa hayo, yaliyokuwa yamezoea kugawana Afrika kwa barua, hayakuuliza neno.

Je, Menelik alijuaje? Alijua kwa barua. Alikuwa amewaandikia wafalme wa Ulaya kuwaarifu habari za kutawazwa kwake, na majibu kutoka Uingereza na Ujerumani yakamwambia kwamba tangu sasa barua zake zapaswa kupitia Italia. Fikirini mtu apokeavyo habari ya kwamba ameuzwa, tena kwa adabu na salamu nyingi. Mwaka wa 1890 alimwandikia Mfalme wa Italia, akasema kwamba maneno ya Kiamhara siyo hayo. Antonelli akarudi kujadiliana. Hapo ndipo aliposimama mke wa Mfalme, Malkia Taytu, naye alikuwa mwanamke wa elimu na wa maneno makali. Antonelli aliposema kwamba Italia haiwezi kujirudi mbele ya mataifa mengine kwa ajili ya heshima yake, Taytu alimjibu kwamba Uhabeshi nayo ina heshima yake. Mwaka wa 1893 Menelik aliutangua mkataba wote.

Hatusemi kwamba neno moja peke yake ndilo lililoleta vita. Wataliani walikuwa na nia ya kuitawala nchi, na kama wasingepata neno hilo wangetafuta jingine. Lakini neno hilo lilimpa Menelik jambo ambalo bunduki zisingeweza kumpa: wakuu wa majimbo, waliokuwa wakioneana wivu siku zote, walielewa wote mara moja wamefanyiwa nini.

Mwezi wa Septemba, 1895, ngoma ya vita ililia Addis Ababa. Watu wakaja kutoka kila upande, wakiongozwa na wakuu wao: Ras Makonnen wa Harar, Ras Mikael wa Wollo na askari wake wapanda farasi, Ras Alula na Ras Mengesha wa Tigre, na Negus Tekle Haymanot wa Gojjam. Jeshi lote lilipata watu kama 100,000, na pamoja nao wanawake na watumishi wasiohesabika, waliosaga nafaka, wakapika, wakabeba maji na kuwafunga majeruhi. Malkia Taytu alikuwa na askari wake mwenyewe. Jeshi lilitembea miezi mitano kwa miguu, mwendo wa maili mamia. Mwezi wa Desemba liliwashinda Wataliani katika mlima wa Amba Alagi. Mwezi wa Januari lilizunguka ngome yao ya Mekele, na kwa shauri la Taytu wakaikamata chemchemi waliyochotea maji, mpaka wale waliokuwa ndani wakashindwa kwa kiu. Menelik aliwaacha watoke na silaha zao wakaenda zao. Watu wengi walimlaumu, naye alisema anataka amani.

Kufika mwisho wa Februari, 1896, majeshi yote mawili yalikuwa yametazamana karibu na Adwa, na yote mawili yalikuwa na njaa. Haya hayaandikwi sana katika vitabu vya shule, lakini ndiyo kweli. Chakula cha Wahabeshi kilikuwa kimebaki cha siku chache tu. Kama Jenerali Baratieri, mkuu wa Wataliani, angengoja kidogo, huenda Menelik angelazimika kurudi nyuma. Lakini Crispi, Waziri Mkuu wa Italia, alimpelekea simu ya kumdhihaki kwa uvivu, na maofisa wake nao hawakutaka kurudi. Basi usiku wa tarehe 29 Februari akaondoka na watu wapata 17,700 na mizinga 56, katika mafungu manne, ili alfajiri imkute juu ya vilima.

Na hapa tena neno lililoandikwa vibaya likafanya kazi yake. Katika ramani waliyopewa wakuu wa mafungu, kilima kimoja kilikuwa kimeandikwa jina la Kidane Meret. Wenyeji walikijua kilima kingine kwa jina hilo, mbele zaidi, mwendo wa maili kadhaa. Jenerali Albertone, aliyeongoza fungu la kushoto, alifika pale paonyeshwapo na ramani. Waongozi wake wakamwambia kwamba Kidane Meret ya kweli iko mbele, naye akaendelea. Kulipopambazuka, siku ya Jumapili tarehe 1 Machi, alijikuta peke yake mbele ya jeshi la Menelik. Fungu lake likavunjwa, naye akashikwa. Mafungu mengine yakaja moja moja, yakitengwa na mabonde na majabali, yakapigwa moja moja. Majenerali wawili, Arimondi na Dabormida, waliuawa. Adhuhuri jeshi la Italia lilikuwa linakimbia. Katika upande wao walikufa watu wapata 6,000, Wataliani na askari Waafrika pamoja, na Wahabeshi nao walipoteza maelfu.

Hatupendi kuificha habari mbaya iliyofuata. Wafungwa Wataliani walitunzwa, wakarudishwa kwao baadaye. Lakini askari Waafrika waliopigana upande wa Italia, wapata 800, walihukumiwa kuwa wahaini, wakakatwa mkono wa kuume na mguu wa kushoto. Wengi wao walikuwa vijana wa Eritrea na Tigre walioingia jeshini kwa sababu ya njaa ile tuliyoitaja.

Huko Rumi watu walifanya ghasia barabarani na Serikali ya Crispi ikaanguka. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo mkataba mpya ulifanywa Addis Ababa: ule wa Wuchale ukafutwa, na Italia ikakiri kwamba Uhabeshi ni nchi huru kabisa. Eritrea ilibaki mikononi mwa Wataliani. Baadaye ilirudishwa kwa Ethiopia, kisha kwa vita vya miaka thelathini ikajitenga, ikawa nchi yake yenyewe mwaka wa 1993.

Tuseme pia kwamba Menelik hakuwa mtetezi wa uhuru wa kila mtu. Katika miaka ile ile aliwatiisha kwa bunduki watu wengi wa kusini, Waoromo wengi, Wawalaita mwaka wa 1894, na ufalme wa Kaffa mwaka wa 1897, na ardhi zao zikagawanywa kwa askari wake. Wajukuu wa watu hao hawaisimulii habari yake kama tulivyoisimulia sisi, nao wana haki.

Menelik alifariki mwaka wa 1913. Mwana wa Ras Makonnen, Tafari, alishika hatamu za nchi. Mwaka wa 1923 aliiingiza katika Chama cha Mataifa, na mwaka wa 1930 akatawazwa kwa jina la Haile Selassie. Wataliani hawakuisahau Adwa. Tarehe 3 Oktoba, 1935, majeshi ya Mussolini yalivuka mto Mareb, na baada ya siku tatu yakaingia Adwa. Safari hii walikuja na ndege mamia na hewa ya sumu, iliyochoma ngozi na macho, ijapokuwa Italia ilikuwa imetia sahihi mapatano ya kuiharimisha. Chama cha Mataifa kiliizuia Italia isiuziwe baadhi ya bidhaa, lakini si mafuta; na mfereji wa Suez haukufungwa kwa meli zake. Addis Ababa ilitekwa tarehe 5 Mei, 1936.

Tarehe 30 Juni Haile Selassie alisimama Geneva mbele ya Chama hicho. Kifaransa alikijua vizuri, lakini alisema kwa Kiamhara. Waandishi wa magazeti wa Kitaliani wakampigia miluzi mpaka wakatolewa nje, naye akangoja, kisha akaeleza kwa utulivu habari za hewa ya sumu na za ahadi zilizovunjwa. Alisikilizwa, na mwezi uliofuata vizuizi juu ya Italia vikaondolewa. Lakini wako wengine waliomsikia. Kijana mmoja wa Gold Coast, Kwame Nkrumah, alipokuwa safarini London kwenda Marekani, aliona tangazo la gazeti la kuanza kwa vita hivyo, akasema baadaye kwamba alijiona kama mji mzima wa London umemtangazia vita yeye mwenyewe. Jomo Kenyatta naye alikuwa London wakati ule, akashiriki katika chama cha Waafrika waliokuwa rafiki wa Uhabeshi.

Wahabeshi hawakutulia. Mwezi wa Februari, 1937, baada ya watu wawili kumtupia Graziani, mtawala wa Kitaliani, mabomu ya mkono, maelfu ya watu wa Addis Ababa waliuawa kwa siku tatu, na nyumba zikatiwa moto. Hata hivyo wazalendo waliendelea kupigana msituni na milimani miaka yote mitano. Italia ilipoingia katika vita vikuu mwezi wa Juni, 1940, Waingereza nao wakawa upande wao, na hapo ndipo habari hii inapowafikia baba na babu zetu.

Majeshi yaliyotoka Kenya mapema mwaka wa 1941 yalikuwa na askari wa Afrika ya Kusini, Nigeria na Gold Coast, na pamoja nao vijana wa K.A.R., ambao watu huwaita Keya, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Walivuka mto Juba, wakapita Mogadishu na Harar, na Addis Ababa ikatwaliwa tarehe 6 Aprili. Mwezi wa Mei batalioni ya sita, ya Tanganyika, ilipigana Colito, kusini ya mji huo, ikishambuliwa na vifaru. Mwezi wa Novemba Keya walikuwamo katika vita vya Gondar, vilivyokuwa vya mwisho. Wengi wao walitoka nchi za joto, nao waliikuta huko baridi ya milimani. Kiswahili kilikuwa lugha yao ya kambini, na ndugu wa makabila mengi walifahamiana kwa lugha hiyo. Walikuwa watu wa nchi zilizotawaliwa, waliopelekwa kuurudisha uhuru wa nchi nyingine. Nao, tunajua, waliporudi nyumbani hawakuacha kulitafakari jambo hilo.

Haile Selassie aliingia tena mjini kwake tarehe 5 Mei, 1941, miaka mitano kamili tangu siku ulipotekwa. Hata hapo mambo hayakwisha. Waingereza walitaka kuwa na usemi katika Serikali, fedha na reli, na ilihitaji mapatano ya mwaka wa 1942 na tena ya mwaka wa 1944 ili wapunguze mkono wao. Sehemu za Ogaden hazikurudishwa zote mpaka mwaka wa 1955. Yeye mwenyewe aliondolewa na askari wake mwaka wa 1974, lakini hiyo ni habari nyingine.

Lipo deni moja lililobaki. Mwaka wa 1937 Wataliani walichukua kutoka Aksum nguzo ya jiwe yenye urefu wa mita 24 hivi na uzito wa tani 160, wakaisimamisha Rumi. Katika mapatano ya amani ya mwaka wa 1947 Italia iliahidi kurudisha vitu ilivyotwaa Ethiopia. Miaka ikapita, nguzo ikabaki Rumi, mvua ikiinyea. Mwaka wa 2005 ililetwa kwa ndege, vipande vitatu, kila kipande safari yake, na mwaka wa 2008 ikasimamishwa tena Aksum, mahali pake, mwendo mfupi tu kutoka Adwa.